Kriketi kwa anayeanza: hesabu kilichobaki

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa Tabora mjini, kata ya Ipuli. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wameanza kuangalia kriketi kwenye simu ya kaka wa mmoja wao, na sasa wananiuliza maswali ambayo sina majibu yake. Nimekaa nikaangalia na mimi. Naona mtu anapiga mpira halafu hakimbii, na watu wanampigia makofi. Mwingine anapiga mbali kabisa halafu anatolewa nje. Nani anashinda, na anashindaje? Je, shule isiyo na vifaa wala uwanja wa nyasi inaweza kuucheza mchezo huu? Na wasichana je?

Jibu:

Mwalimu, hayo mawili yaliyokutatiza, aliyepiga akabaki palepale akashangiliwa na aliyepiga mbali akatoka, ndiyo kriketi yenyewe. Umeanzia mahali pazuri kuliko wengi ninaowafundisha.

Kinachotusumbua ni jicho la kandanda. Sisi wa Tabora tumekulia kwenye mpira wa miguu. Tukikaa pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi macho yanafuata mpira, na ukikaribia goli tunainuka. Ukiifuata kriketi hivyo utachoka ndani ya nusu saa, maana mara nyingi mpira hauendi popote. Fuata vitu viwili ambavyo havionekani uwanjani ila kwenye ubao wa matokeo: wamebaki wapigaji wangapi, na imebaki mipira mingapi ya kurushwa. Timu inayopiga inaanza na akiba hizo mbili, na kazi yake ni kuzigeuza kuwa mikimbio, ndizo alama za kriketi, kabla moja haijaisha. Kila mpira unaorushwa ni uamuzi kuhusu akiba hizo.

Umbo la mchezo ni hili. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 11. Katikati ya uwanja kuna njia ngumu yenye urefu wa mita 20 na ushei (yadi 22 kwa kipimo chake cha asili), inaitwa pichi. Kila mwisho wa pichi vimesimikwa vijiti vitatu vyenye urefu wa sentimita 71, na juu yake vimelazwa vipande viwili vidogo vya mti ambavyo huanguka vijiti vikigongwa. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Wapigaji wanaingia wawili, mmoja kila upande wa pichi, na wenzao tisa wanasubiri nje. Wapinzani wako uwanjani wote 11: mmoja anarusha, mmoja ni kipa mwenye glavu nyuma ya vijiti, wengine wametawanyika kila mahali. Mrushaji anarusha mipira sita kutoka upande mmoja, na hiyo sita ndiyo ova. Ova ikiisha, mwenzake anarusha sita kutoka upande wa pili.

Wanafunzi wako wanaijua rede. Aliye katikati anarushiwa mpira kutoka pande mbili, naye anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa, ukimgusa, ametoka. Kriketi ni rede ambayo mpira haumlengi mtu bali vijiti vilivyo nyuma yake, na yeye amepewa kibao cha kuvilinda. Kukimbia ndiko kujaza mchanga. Hakuna mtoto mwenye akili anayeinama kwenye chupa wakati mpira uko mkononi mwa mrushaji aliye tayari. Waambie hivyo wanafunzi wako na utaona nusu ya maswali yao yanaisha.

Mpigaji akiupiga mpira, yeye na mwenzake wanaweza kubadilishana pande kwa mbio, na wakifika wote salama huo ni mkimbio mmoja. Wakiona muda unaruhusu wanarudi tena, wawili, na kuendelea. Mpira ukibiringika hadi nje ya mstari wa uwanja ni mikimbio minne bila kukimbia. Ukivuka hewani bila kugusa chini ni sita. Lakini kukimbia ni hiari. Yule uliyemwona akipigiwa makofi, nina hakika alirushiwa mpira mkali uliokuwa unakwenda moja kwa moja kwenye vijiti, akauzima miguuni pake. Hakupata kitu. Ametumia mpira mmoja, ila mpigaji yungali ndani, na waliokuwa wanatazama walijua mpira ule ungeweza kumtoa.

Kwa nini aliyepiga mbali alitoka? Alidakwa. Mpira uliotoka kwenye kibao ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji anakwenda nje, hata kama ameupiga hadi karibu na uzio. Njia ya pili ya kutoka ni mrushaji kuvipata vijiti. Ya tatu ni kuwahiwa wakati wa kukimbia: mbele ya vijiti, mita 1.22, kuna mstari, na mpinzani akivigonga vijiti kwa mpira kabla hujaugusisha mwili au kibao chako ardhini nyuma ya mstari huo, umetoka. Ndiyo maana utawaona wapigaji wanakimbia wakiburuza ncha ya kibao chini hatua za mwisho. Sentimita kumi za kibao zinaokoa maisha yao. Ipo pia ile ya mpira kukugonga mguuni wakati ulikuwa unakwenda kwenye vijiti, inayoleta ubishi hata kwa waamuzi wakubwa. Iache kwa mwaka wa kwanza.

Akitoka, ametoka. Mshambuliaji wa kandanda akikosa goli atasubiri krosi nyingine, lakini mpigaji wa kriketi akikosea mara moja anavua glavu na kukaa chini mpaka zamu ya timu yake iishe. Kila anayetoka anahesabiwa kuwa wiketi moja iliyoanguka. Wakitoka kumi, aliyebaki hana mwenza, kwa hiyo zamu imekwisha hata kama ova zipo. Ova zikiisha kabla, zamu imekwisha hata kama wapigaji wapo. Kisha timu zinabadilishana, na ya pili inajaribu kuipita idadi ya mikimbio ya ya kwanza. Ukisoma «150 kwa 4», maana yake mikimbio 150 imepatikana na wapigaji wanne wametoka. Usisome namba ya kwanza peke yake.

Tuingie ndani ya ova moja, ya mwisho, kwa mechi kama mnayoweza kuicheza hapo shuleni: wachezaji wanane kila upande, ova tano tano. Timu ya kwanza imepata 41. Timu ya pili, baada ya ova nne, ina 33 kwa 4. Kwa wachezaji wanane wiketi za kupoteza ni saba, hivyo zimebaki tatu. Mikimbio inayotakiwa ili washinde ni tisa, mipira sita.

Mpira wa kwanza, mpigaji anaugusa taratibu unadondoka karibu, na wote wawili walishaanza mbio kabla mpinzani hajainama. Mmoja. Wanatakiwa nane kwa mitano. Kwa kuwa wamebadilishana pande, sasa anayepigiwa ni mwenzake. Mpira wa pili unampita. Anazungusha kibao hewani, kipa anadaka, lakini mpira haukugusa kibao, kwa hiyo hajatoka. Hakuna kitu: nane kwa minne. Mpira wa tatu anaamua kuupandisha juu atafute sita. Unapaa, mtoto mmoja anarudi nyuma kinyumenyume, anaukumbatia kifuani. Ametoka. Nane kwa mitatu, zimebaki wiketi mbili. Anaingia mpya, na ndiye anayerushiwa. Mpira wa nne anaupiga chini kwa chini katikati ya watu wawili mpaka nje: nne. Wa tano anausukuma pembeni, mbio mbili za haraka. Imebaki mikimbio miwili kwa mpira mmoja.

Mpira wa mwisho anaupiga moja kwa moja, mtu aliyesimama mbali anauokota. Mbio ya kwanza wameimaliza bila shida, wanageuka kutafuta ya pili. Mpira unarushwa, kipa anaushika na kuvigonga vijiti. Kibao cha mkimbiaji kilikuwa bado kiganja kimoja nje ya mstari. Ametoka, lakini mkimbio wa kwanza ulikuwa umekamilika, kwa hiyo unahesabiwa. Jumla 41. Sare.

Sasa waulize wanafunzi nani aliipoteza mechi. Wengi watamnyooshea kidole yule aliyedakwa kwenye mpira wa tatu. Mimi simlaumu kwa kuupandisha. Timu ilikuwa na wiketi tatu na mipira minne tu. Wiketi zilikuwa za ziada, mipira ndiyo iliyokuwa imeadimika. Kutumia kilicho kingi ili kupata kilicho kichache ni uamuzi sahihi, hata ukikugeuka. Mpira uliowaumiza zaidi ni ule wa pili, ambao haukumtoa mtu na hakuna aliyeukumbuka, uliopita bure wakati mguso mdogo tu ungewapa mkimbio mmoja. Mtoto akianza kuuona mpira huo wa pili, ameshaingia kwenye kriketi.

Hapo ndipo utaelewa pia kwa nini mchezo huu una urefu tofauti. Mechi ya majaribio, ile ya kale, inachukua siku hadi tano. Ya kwanza ilichezwa Melbourne mwaka 1877, Australia na Uingereza. Kule mipira karibu haiishi, kwa hiyo wiketi ni mali. Mpigaji anaweza kukaa saa nzima akikataa kila kishawishi, na ni sawa. Mechi ya siku moja, ambayo kimataifa ilianza 1971, sasa ni ova 50 kila timu. Kisha mwaka 2003 Waingereza wakaleta ile ya ova 20, inayomalizika ndani ya saa tatu hivi. Nadhani ndiyo wanayoiona wanafunzi wako kwenye simu. Mipira 120 kwa wiketi kumi ni michache, ndiyo maana wanapiga kwa fujo. Pigo lile lile linalosifiwa kwenye ova 20 linaweza kuwa ujinga siku ya pili ya mechi ya majaribio.

Kuhusu vifaa: inawezekana, na kwa gharama ndogo. Kitu kimoja tu sitakubali mkifanye, kutumia mpira halisi wa kriketi bila kinga. Ule ni ngozi juu ya kizibo na uzi uliokazwa, uzito wa gramu 156 hadi 163, na ukimpata mtoto usoni unavunja. Chukueni mpira wa tenisi, uzungusheni utepe mweusi wa mafundi umeme mpaka ufunikwe wote. Unakuwa mzito kidogo, unakimbia vizuri, na hauvunji mtu. Pakistani wametoka warushaji wakali waliokulia mitaani na mpira wa namna hiyo.

Kibao mpelekee seremala. Sheria inataka kisizidi urefu wa sentimita 96.5 na upana wa sentimita 10.8, lakini kwa darasa la sita sentimita 75 hadi 80 zinatosha, mshikio ukiwemo. Mafundi wa Tabora watakushauri mninga kwa kuwa ni mbao yetu na ina sifa. Ukatae. Ni mzito mno kwa mkono wa mtoto, na atachelewa kila mpira. Vibao halisi hutengenezwa kwa mti mwepesi unaoota Uingereza na Kashmir. Cha karibu unachokipata sokoni ni paini kavu isiyo na mafundo. Uso mmoja uwe bapa kabisa, mgongo uachwe na unene katikati. Mshikio uviringishiwe vipande vya tyubu ya baiskeli usimteleze mtu, maana kibao kinachochoropoka ni hatari kuliko mpira.

Badala ya vijiti, pandisha madebe mawili ya bati, moja juu ya jingine. Debe la lita 20 lina urefu wa sentimita 35 hivi na upana wa sentimita 23 au 24, kwa hiyo mawili yaliyopandana yanakaribia kabisa kipimo rasmi cha vijiti, sentimita 71 kwenda juu na 23 kwa upana. Faida yake nyingine ni mlio. Kwa vijiti vya kuokota watoto watabishana kama vimeguswa; debe likigongwa shule nzima imesikia.

Uwanja ndio unaohitaji jasho. Mrushaji kwa kawaida anaudundisha mpira mara moja mbele ya mpigaji, na kwenye mchanga wetu wa Tabora mpira hauinuki, unazama. Kama mna kiwanja cha saruji, anzieni hapo. Kama hamna, chimbueni udongo wa kichuguu, na porini kwetu vichuguu havijawahi kuadimika. Uvunjeni, mchekeche, mtandaze kina cha sentimita kumi kwenye kipande chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita mbili, mmwagie maji, mshindilie kama sakafu ya nyumba, kisha mfunike kwa nyasi ukauke polepole usipasuke. Fanyeni kazi hiyo Juni au Julai. Mkisubiri Novemba, mvua itaondoka nao. Mita 15 zinatosha kwa umri huo. Mita 20 mrushaji mdogo hazifikishi. Nje ya hicho kipande hamhitaji nyasi, ondoeni tu mawe na visiki.

Kitu kigumu zaidi kufundisha kitakuwa mkono wa kurusha. Kriketi hairuhusu kurusha kwa kukunja kiwiko na kukinyoosha kama mtu anayetupa jiwe. Mkono unazunguka kutoka chini, nyuma, juu, ukiwa umenyooka, unapita karibu na sikio, na mpira unaachiwa ukiwa juu ya kichwa. Kwa wachezaji wa kimataifa kiwiko hakitakiwi kunyooka zaidi ya nyuzi 15. Watoto wa mji huu, waliozoea kuangusha maembe kwa mawe, watapinga mwili mzima. Mweke mtoto asimame ubavu kuelekea madebe, mkono wa mbele aunyooshe juu kama anaonyesha tawi, kisha mikono yote miwili izunguke. Bila kukimbia kwanza. Kurudia hivyo kwa wiki mbili, dakika kumi kila siku, kunatosha kwa wengi. Na hiyo shabaha ya maembe haipotei: ukiwa umetawanyika uwanjani, kuokota mpira na kuurusha kwenye debe kunaruhusiwa kwa mkono wowote, na hapo ndipo wapinzani watakapowahiwa.

Kwa darasa kubwa, gawa viwanja vidogo vitatu, watoto wapige wawili wawili, kila jozi ova mbili kamili. Anayetolewa asitoke, timu yake ikatwe mikimbio mitano, aendelee. Hivyo kila mtoto anashika kibao, na bado kila mmoja anaona wiketi ina bei. Mpe mwanafunzi mmoja chaki na ubao aandike mipira iliyobaki na mikimbio inayotakiwa, asomewe kila mtu kwa sauti. Na wanaodaka wasikae chini ya mita kumi kutoka kwa mpigaji.

Wakikuambia ni mchezo wa Wahindi na Waingereza, uwaeleze yaliyotokea kwetu. Kombe la kwanza la Dunia la wanaume, mwaka 1975, lilikuwa na timu ya Afrika Mashariki iliyounganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Ilipoteza mechi zake zote tatu, lakini ilikuwepo. Mwaka 2003 Kenya, nahodha akiwa Steve Tikolo, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20, ikaifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, akarusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Mipira 24, mikimbio minne: hebu ipime hiyo kwa hesabu ya akiba tuliyoianza nayo. Na vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza katika historia yetu. Mwaka 2028 mchezo unarudi Olimpiki, Los Angeles, baada ya kukosekana tangu 1900. Mtoto wa darasa la sita leo ana umri mzuri sana.

Wasichana wanacheza, tena walitangulia. Kombe la Dunia la wanawake lilianza 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume. Sheria ni zile zile, pichi ni ile ile, mpira wao tu ni mwepesi kidogo, gramu 140 hadi 151. Tanzania ina timu ya taifa ya wanawake. Kwa shule yako nisingewatenga. Changanya kila jozi, na usikubali wavulana wawaachie kazi ya kuokota mipira nje ya mstari. Wasichana waliocheza rede kwa miaka wanaujua mpira unaokuja kwa kasi na hawafumbi macho, jambo ambalo wavulana wengi itabidi uwafundishe. Siku ya kwanza waanze wao kupiga.